Wimbo wa Foleni Unaishaje

Malaba,
4 Machi 2018

Otukei mwanangu,

Yoga noi. Hizo salamu ni zangu, za dada yako Alinga, na za watu wa Moding ambao wananiuliza habari zako mpaka nimechoka kujibu. Nawaambia mtoto wangu yuko Kisumu kwenye wodi ya kifua, amepata TB ile ngumu isiyosikia vidonge vya kawaida, anadungwa sindano kila siku, na atapona. Wengine hapa wanaficha ugonjwa wa watoto wao. Mimi sifichi. Wewe si mtu wa kufichwa.

Simu yako nimepiga mpaka nikafikiri umeiuza. Ukishika unasema "eh, eh" halafu unakata. Sasa Nabwire ananiambia umemtuma aseme tuandikiane barua, eti huko ndani mtandao ni mbaya. Sawa. Kila Alhamisi anakuja huko Kisumu kuchukua mitumba, atakuwa tarishi wetu. Mimi ni wa darasa la saba tu, lakini mwandiko wangu unaujua. Mwalimu alikuwa akiwaonyesha wavulana ili waone aibu.

Hapa kibandani biashara iko, maana malori yamesimama kutoka mpakani hadi huku kwetu na madereva hawana pa kwenda. Juzi Mganda mmoja alikuja kunywa chai nikamwambia nina mtoto mwenye bendi. Akauliza, "Ya injili?" Nikamwambia ya roki. Akauliza roki ni nini. Nikamwambia, "Boss, keti nikueleze," na nikamweleza mpaka chai yake ikapoa akaagiza nyingine. Nilimwambia pia kwamba ulipata A ya Muziki peke yako shule nzima. Hakuwa ameuliza.

Sasa turudi kwa yale maneno tuliyoacha siku unaondoka. Mimi nimeimba alto kanisani tangu kabla sijaolewa, na sol-fa, zile do, re, mi za kwaya, naisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Huo wimbo wako wa Foleni, ule wa mazoezi, nimeusikiliza tena kwa simu. Gitaa linapiga do na so pamoja, halafu zinahama pamoja, halafu tena pamoja, kama watu wawili waliofungwa pingu. Mwalimu Oduori wa kwaya ametufundisha kwamba sauti mbili zilizoachana kwa tano, kama do na so, hazitembei pamoja, kila moja itafute njia yake. Halafu ile ti umeishusha ikawa ta, imekaa hapo kama mtu asiye na hamu ya kurudi kwao. Wimbo lazima urudi nyumbani kwa do, Otukei. Roki ama si roki.

Mwalimu mwenyewe nilimsikilizisha. Alisema ni kisiagi kinasaga mawe. Nikamwambia mbele ya kwaya yote, "Mwalimu, na kijana wako yeye anapiga nini?" Akaanza kugawa vitabu vya nyimbo, kwa sababu kijana wake hapigi chochote. Lakini hayo ni ya mbele ya watu. Wewe nakuambia kando: sahihisha.

Mama yako,
Imelda Akol, mama wa mwanamuziki

* * *

Wodi ya Kifua, Kisumu,
16 Machi 2018

Mathe,

Barua imefika, na njugu za kusaga pia, ingawa wazee wa vitanda vya jirani wamenisaidia kuzimaliza bila kualikwa. Sindano zinauma makalio mpaka nakaa upande upande kama chifu aliyekasirika. Lakini kukohoa kumepungua.

Kuhusu tano. Ukiwasha ule mkwaruzo kwenye gitaa la umeme, halafu upige do, mi na so kama kwaya, inakuwa matope. Mi inapigana na wenzake. Ukiitoa, ukabaki na do na so, sauti inasimama kama ukuta, na ukuta ukihama unahama wote. Aliyeweka sheria ya Mwalimu Oduori alitaka waimbaji wanne wasikike kila mmoja na yake. Sisi tunataka tusikike kama kitu kimoja kikubwa kinachokuja. Mtu anayeruka mbele ya spika pale Busia hahesabu tano, Mathe. Anasikia kifua chake kikitetemeka, basi.

Kuhusu do, hapo hata sisi wenyewe hatujakubaliana. Foleni bado haina mwisho. Ubeti wa mwisho nilimwachia Sharlyne atafute tuni, kwa sababu yeye ndiye mwimbaji na mimi nimeshindwa. Tutairekodi mwezi wa nane, siku ya shoo Busia, na nitakuwa nimetoka. Utakuja ukae mbele.

Mtandao hapa kweli ni mbaya. Andika tu.

Wako,
Otukei

* * *

Wodi ya Kifua,
16 Machi 2018

Chrispine,

Hii usimsomee mtu. Nabwire ameahidi kukupa mkononi pale Busia, usimpe mama hata akikuuliza.

Masikio yanavuma. Yalianza Februari, kama mbu mmoja, sasa ni kama jenereta ya jirani. Nikikumbuka ngoma zako naweza kuzisikia kichwani, lakini juzi kijana wa hapa alicheza rekodi yetu kwa simu na matoazi hayakuwepo. Nikamwambia simu yake ni mbovu.

Nesi huniuliza kila wiki: masikio vipi? Nasema yako poa. Nikisema ukweli watasimamisha sindano, wabadilishe dawa, hesabu ianze upya, na Agosti itapita nikiwa hapa. Sindano zikiisha nafikiri yatarudi. Kuna mzee hapa anasema yake yalirudi kidogo.

Jana mvua ilinyesha juu ya mabati. Niliiona dirishani. Nikajiambia ni manyunyu, ndiyo maana siisikii.

Mama usimwambie. Atatangaza kwa kila lori hadi Mombasa. Na Sharlyne mwambie ubeti wa mwisho asiufanye mtamu.

Otukei

* * *

Malaba,
11 Juni 2018

Otukei,

Naandika kabla sijavua viatu vya safari.

Nilikuja kukuona nikiwa na lile gauni la bluu, na nesi wa mlangoni akaniuliza kama mimi ni mke wa askofu. Nikamwambia nina cheo kumzidi huyo, mimi ni mama wa yule wa kitanda cha dirishani. Akacheka, akanipa barakoa, akanionyesha pa kusimama nje kwenye nyasi.

Nilikuuliza kama unakula. Ukanijibu, "Jumamosi." Nikakuuliza kama unalala vizuri, ukacheka kana kwamba nimefanya mzaha. Basi nikaivuta barakoa chini kidogo, nikachezesha midomo tu bila kutoa sauti yoyote, nione. Na wewe ukatikisa kichwa ukasema, "Ndiyo, ndiyo, Mathe."

Miaka hii yote nimesimama katikati ya soprano na tenor. Mtu asiyemsikia jirani yake namjua mara anapofungua mdomo. Sitaki tena habari za mtandao. Niambie wewe mwenyewe, usimtume Nabwire.

Nilitembea hadi stendi nikitabasamu na kila mtu. Mama mmoja akaniambia, "Dada, umepata habari njema leo." Nikamwambia ndiyo.

Mama yako

* * *

Wodi ya Kifua,
21 Juni 2018

Mathe,

Ni kweli. Ni dawa ya sindano, hufanya hivyo kwa watu wengine. Siku uliyoondoka nilienda nikamwambia daktari mwenyewe. Wamenipima kwa mashine, wamesimamisha sindano, wamenipa vidonge vingine. Kifua kinapona. Masikio hayatarudi. Daktari aliniandikia hayo kwenye karatasi kwa sababu hakutaka kuyasema kwa kelele mbele ya wodi nzima. Usije kumtukana mtu hapa. Waliniuliza kila wiki tangu Februari na mimi niliwadanganya kila wiki. Nilitaka kuwahi Agosti.

Sauti za juu ndizo zilitangulia kuondoka. Ndege, matoazi, kisha Sharlyne, kisha wewe. Samahani. Yako niliipoteza kabla ya Pasaka. Kilichobaki ni ngurumo tu, kama lori linalowashwa mbali.

Lakini kuna kitu nimegundua. Nikisoma sol-fa, bado nasikia. Niliandika wimbo mmoja wa kanisa kutoka kichwani, nikausoma, ukaja wote, hata alto yako. Kwa hivyo nakuomba kitu kimoja, na sitakuomba kingine. Watarekodi bila mimi. Nenda Busia hiyo siku ya shoo, kaa mbele, uandike Foleni jinsi watakavyoipiga. Hasa ubeti wa mwisho. Huo sijawahi kuusikia, na sasa sitausikia. Usipunguze, usiongeze. Nataka kujua wimbo wangu unaishaje.

Otukei

* * *

Malaba,
27 Agosti 2018

Otukei wangu,

Nimefika, nimeona, nimeandika. Hapa kibandani leo hakuna aliyekunywa chai bila kusikia habari za shoo.

Ukumbi ulijaa vijana wenye nguo nyeusi, nikafikiri kuna matanga. Mimi na gauni langu la bluu na penseli tatu nimezichonga. Walidhani nimekuja kuwaombea. Chrispine akatoka nyuma ya ngoma zake akanisalimia kwa mikono miwili, basi wakanipa kiti cha mbele kabisa, karibu na spika, mahali ambapo meno yanacheza. Anayeshika gitaa sasa ni kijana wa Butula anaitwa Quinton. Mikono yake si mibaya ila hana sura yako.

Kabla hawajaanza nilisimama nikageuka nikawaambia watu wote kwamba mwenye huo wimbo ni mwanangu, Matthew Otukei wa Moding, na kwamba alipata A. Kijana mmoja nyuma akasema, "Mama kaa chini, hii si harusi." Nikakaa. Lakini nilikuwa nimeshasema.

Karatasi ziko humu ndani, nimezinakili kwa kalamu ya wino. Zimenyooka. Mwalimu Oduori ameziona na amesema ni kazi safi, hakuna hata kosa moja. Na ubeti wa mwisho, mwanangu, ni mzuri. Unapanda, unakaa kidogo juu ya ti, halafu unarudi nyumbani kwa do ndefu. Kama nilivyokuambia siku zote.

Kula. Vidonge meza vyote.

Mama yako,
Imelda Akol

* * *

Wodi ya Kifua,
9 Septemba 2018

Mama,

Karatasi zako nimezisoma mpaka zinataka kukatika kwenye mikunjo.

Huu si wimbo wetu. Hakuna tano hata moja inayofuatana na nyingine. Quinton namjua, ni wa kupiga tano mwanzo hadi mwisho, hata ukimwamsha usingizini, hajui kuzitenganisha. Chrispine hajawahi kungoja ili besi iteremke kwa adabu. Na Sharlyne, ambaye tumegombana mwaka mzima kwa sababu anaipenda ile ta kuliko mimi, leo anaimba ti halafu do kama mtu anayesema Amina. Umeuosha. Umeuvalisha joho la kwaya ukaniletea.

Nilipokuwa nasikia nilikuambia sheria si kitu, na ilikuwa rahisi kusema, wimbo ulikuwa unanigonga kifuani. Sasa sina kifua kingine ila hizo herufi zako. Nilikuomba uwe masikio yangu, ukawa mwalimu.

Ukumbi mzima wa Busia unajua Foleni inaishaje. Hata yule kijana aliyekuambia ukae chini anajua. Mimi sijui.

Makohozi yangu sasa ni safi. Wanasema nikiendelea hivi nitaruhusiwa. Sijui nitarudi hapo kufanya nini. Gitaa mwambie Quinton aje alichukue, kwangu ni ubao tu.

Usiniandikie mpaka uwe na wimbo wenyewe.

Otukei

* * *

Malaba,
14 Oktoba 2018

Otukei,

Kila Alhamisi Nabwire anarudi bila kitu, na nikimwona anashuka nageuza uso nijifanye nachochea moto. Umesema nisiandike mpaka niwe na wimbo. Ninao.

Nitakuambia ilivyokuwa. Siku ile Busia niliandika sawasawa, kila tano, kila ta, penseli mbili zikaisha. Jumapili nikabeba karatasi kanisani. Hakuna aliyeniambia nizibebe. Nilitaka Mwalimu Oduori aone kwamba wimbo wa mtoto wangu unaandikika. Akachukua kalamu nyekundu akaanza kuzungushia makosa, na akaendelea kuzungushia, mpaka karatasi yote ikawa kama mtoto mwenye surua. Soprano wote wamesimama pale wanatazama. Kuna mmoja akasema, "Na huyu ndiye wa A?" Wewe unanijua. Mimi ndiye ninayejisifu kuliko wote hapa, na watu walikuwa wamengoja siku hiyo muda mrefu. Nikaenda nyumbani nikazitia zile karatasi motoni, nikakaa chini nikaandika zingine ambazo hakuna mtu angeziwekea kalamu; hizo ndizo Mwalimu alizozisifu.

Lakini hiyo ni nusu. Hata bila Mwalimu, ule mwisho nisingekuletea.

Ukweli wa mwisho ni huu. Sharlyne anaimba ubeti mpaka anafika kwenye ta, anaishikilia, halafu ananyamaza. Siku ile nilifikiri ni pumzi. Wiki iliyopita nimemwita Chrispine kibandani nikamwambia anichezee hiyo rekodi na aniambie kila kitu. Anasema walikuwa wamekubaliana kwamba Sharlyne atashuka kwa do, walifanya mazoezi hivyo. Lakini akiwa kwenye ta aligeuka upande ule unaposimama wewe, akamkuta Quinton, na sauti ikakataa. Gitaa likaacha. Ngoma ikaenda peke yake kidogo, kama mtu ambaye hajaambiwa, kisha nayo ikaacha. Kuna mtu mmoja anapiga makofi, anasikika, halafu anaona wengine hawapigi. Basi. Hawakurekodi tena. Sharlyne amekataa kuuimba, amevuka kwenda Tororo kwenye duka la shangazi yake, na Chrispine anasema bendi haiko tena. Aliogopa kukuandikia. Alidhani mimi nimekuambia.

Umeniuliza wimbo wako unaishaje, mwanangu, na jibu ni kwamba hauishi. Mtu anamwandikiaje mtoto wake hivyo, tena akiwa kitandani.

Tuliusikiliza na Chrispine tena na tena, kwa kile kispika chake alichokiweka juu ya meza ya unga. Nilikuwa nimekusudia kuhesabu tano, niziandike zote nisiache. Mara ya kwanza nilihesabu. Mara ya pili nilipotelea katikati, na nilipozinduka chapati ilikuwa imeungua. Sijui kama ni wimbo mzuri. Kwa sheria yetu ni mbaya, Mwalimu hakusema uongo, na kwa kwaya nisingeukubali hata leo. Lakini dereva mmoja wa Sudan Kusini alizima injini ili ausikie. Alisimama na mkono juu ya mlango wa lori lake mpaka ulipokatika. Hakuniuliza ni wa nani, na mimi sikumwambia.

Quinton nilimpa ujumbe wako. Amesema gitaa la mtu aliye hai hachukui.

Karatasi mpya ziko humu. Nimeziandika kwa penseli na sijamwonyesha mtu. Tano zote zimo, zimefungwa pingu kama ulivyotaka. Kwenye ile ta ya mwisho nimeandika ta, na baada yake hakuna kitu. Usigeuze karatasi kutafuta upande wa pili, ni mweupe.

Kitu kimoja kimenishinda. Ngoma ya Chrispine haiandikiki kwa sol-fa, si tuni, na hiyo sehemu inayobaki peke yake ndiyo sitaki uikose. Kwa hivyo Alhamisi nakuja na Nabwire. Nesi amesema sasa naweza kuingia tukakaa pamoja. Utashika karatasi usome, na mimi nitakaa nyuma yako nikugonge mgongoni kwa viganja, jinsi ilivyo. Chrispine amenifundisha juu ya meza mpaka vikombe vikahama, na alisema mimi napitiliza pale pa kuacha, nikaanza upya, na upya, sasa sipitilizi. Ukifika kwenye ta wewe utakuwa umemaliza kusoma. Mimi nitaendelea kidogo.

Usigeuke haraka. Nikiondoa mikono, ujue ni hapo.

Mama yako